Pembe za Bi Mwanakombo

Mejumaa mwanangu,

Umekwenda Ukunda kusukwa nywele, nami nimepata nafasi ya kusema bila ya wewe kunikatiza. Nimeshaswali alasiri, nimekaa hapa barazani, na nyumba imenyamaza kwa mara ya kwanza tangu ndugu waanze kuja kukuaga. Kesho jioni unapanda ndege kwenda Ujerumani, kukaa mwaka mzima kwenye shamba la watu ukijifunza kilimo chao. Habari za koti, za pasipoti na za chakula sitazigusa, maana shangazi zako wamekwisha kukujaza masikio. Mimi nataka kukwambia jinsi ninavyokidharau hicho unachokwenda kukisomea, na kwa nini hata hivyo nimekuombea dua ufike salama.

Dharau yangu unaijua. Umekua nayo ndani ya nyumba kama moshi wa kuni. Baba yako, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba siku nikijaaliwa kuingia peponi nitaanza kwa kukagua kama wamefagia pembeni. Sikuwahi kumkatalia.

Basi tuanze na neno lenyewe. Baiodinamiki. Nililisikia mara ya kwanza kwa yule mama wa Kijerumani wa Galu, mwenye bustani nyuma ya ukuta mrefu. Sisi wanawake wa Kinondo tulimwita Mama Pembe, naye akadhani ni jina la heshima. Alitualika mafunzoni, akatunywesha chai isiyo na majani wala sukari, kisha akainua pembe ya ng'ombe tuione. Pembe tupu, ya buchani, aliyoipata kwa wauza nyama wa Kona ya Musa. Akasema mnaijaza kinyesi kibichi cha ng'ombe anayekamwa, mnaifukia ardhini msimu mzima, kisha mnaifukua. Kilichomo ndani mnakichukua kidogo tu, mnakitia kwenye ndoo ya maji, mnakoroga saa nzima, mara kwa kuzungushia huku, mara kwa kuzungushia kule, halafu mnanyunyiza shambani. Pembe, alisema, inavuta nguvu za nyota na kuziingiza kwenye udongo.

Mimi nilimwuliza swali moja tu. "Mama, ng'ombe huyo alikuwa na pembe mbili kichwani maisha yake yote. Mbona hizo nyota hazikumwokoa na kisu?"

Wanawake walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mama Pembe alitabasamu lile tabasamu la mtu anayesubiri kutafsiriwa. Wewe hukucheka. Ulikuwa ndiyo kwanza umemaliza shule, umekaa mstari wa mbele, macho yamekutoka kama mtu aliyeonyeshwa mlango kwenye ukuta. Hapo nikajua kwamba nimekupoteza.

Nisikudhulumu. Si kila alichotufundisha kilikuwa upuuzi, na mimi si mtu wa kuficha hilo kwa sababu tu limetoka kwa mtu aliyenichosha. Shamba letu lilikuwa limekufa. Unalikumbuka. Miaka mingi tulilinywesha mbolea ya dukani na dawa ya kuua magugu, tulizouziwa na vijana wenye fulana za kampuni, vijana ambao wakiulizwa swali la pili husoma tena maandishi ya kwenye mfuko. Mwaka wa kwanza mahindi yalisimama kama askari. Baadaye udongo ukashikana, ukawa na gamba juu kama ukoko wa wali, na mvua ikinyesha maji yote yalikuwa yakikimbilia barabarani na rangi ya udongo wetu ndani yake. Nilisimama dirishani nikaliangalia shamba likiondoka. Yule kijana wa fulana akaniambia nizidishe mbolea.

Mama Pembe alitufundisha kurundika majani, samadi, majivu na maganda ya jikoni mpaka yakageuka mboji. Alitufundisha kutandaza nyasi kavu ili jua lisiuchome udongo, kupanda kunde katikati ya mihogo, na kuacha vichaka vya mpakani badala ya kuvifyeka mpaka vikang'aa. Hayo yalifanya kazi. Jongoo walirudi. Minyoo ilirudi. Vyura waliimba kwenye dimbwi la nyuma ya jiko mpaka nikatamani kuwanyamazisha. Nyuki wakaja kwenye maua ya kunde, na kwa bahati mbaya tumbili wa msituni nao wakaja, kwa sababu sasa palikuwa na cha kuibwa.

Tena usinijie na ule wimbo wako kwamba mababu waliyajua hayo yote tukayasahau. Mababu walichoma shamba kila mwaka, na lilipochoka walihamia jingine, kwa sababu jingine lilikuwepo. Sisi hatuna jingine. Upande huu kuna ukuta wa hoteli, upande ule kuna ukuta wa mtu anayengoja kujenga hoteli.

Lakini pembe, Mejumaa! Tuliijaribu, au umesahau? Wewe ulikoroga ndoo yako saa nzima, jasho likikutoka, ukanyunyizia nusu ya mihogo. Nusu nyingine mimi niliipa mboji tupu na nyasi za kutandaza, nikaiacha na Mola wake. Tulipovuna, mihogo ya huku na ya huko ilikuwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Tuliipanga uani ukashindwa kuitofautisha. Nilikuuliza, "Sasa nyota zilikwenda wapi?" Ukanijibu kwa uso mkavu kwamba labda nguvu zilivuka kutoka upande wako zikausaidia na upande wangu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mtu akishindwa na bado akadai kwamba ndiye aliyemsaidia aliyemshinda, huyo hana dawa.

Hiyo ndiyo dharau yangu ndogo, ile ya kuchekea. Sasa nije kwenye ile kubwa.

Bi Mwanakombo hukumpenda kwa kuambiwa, ulimpenda mwenyewe. Alikuwa jirani yetu tangu kabla hujazaliwa, mjane, na mwanawe wa pekee, Zainabu, ameolewa mbali kule Majoreni. Shamba lake alipewa na babake akiwa bado mke kijana. Katika wanawake wote tuliokwenda Galu, yeye ndiye aliyeyashika mafunzo kuliko sote. Rundo lake la mboji lilikuwa likitoa mvuke asubuhi kama sufuria. Udongo wake, mchanga uleule wa pwani tulionao sote, uligeuka mweusi, ukawa laini, na ukiutia mkono ulizama mpaka kwenye kifundo. Mvua kubwa ikinyesha, kwangu maji yalisimama kidogo, kwake yaliingia ardhini kama mgeni aliyekaribishwa. Na pembe zake alizifukia kwenye kona, chini ya mkorosho, kama alivyoelekezwa.

Alikuwa na mpwawe, Suleimani, mtoto wa marehemu kakake. Huyo nitamweleza kwa ufupi kwa sababu hastahili urefu. Ni mwanamume aliyeanza kazi nyingi na kuzisimulia zaidi ya alivyozifanya. Alianza kuvuka shamba la shangazi yake akiwa na watu waliovaa viatu vya kufungwa kamba, wakipima kwa macho. Bi Mwanakombo akamwuliza, "Hao ni nani?" Akajibu, "Marafiki, shangazi, wanapenda upepo wa hapa."

Halafu mtoto wa Suleimani akapata degedege. Ulikuwepo, uliona jinsi mamake alivyokimbia naye amemfunga kwa leso. Walifika hospitali ya Msambweni, mtoto akatibiwa, akapona. Ungedhani mambo yamekwishia hapo. Baada ya siku chache, ile asubuhi tuliyokuwa tukichuma kunde, tukasikia kelele kwa Bi Mwanakombo.

Nataka nikuandikie asubuhi ile kama nilivyoiona mimi, kwa sababu tangu siku ile hatujawahi kuizungumza vizuri. Wewe huondoka nikianza.

Tulikuta wanaume na vijana wamejaa kwenye kona ya mkorosho. Ardhi imefukuliwa. Pembe zimepangwa njiani, zina udongo, na watu wamesimama mbali nazo. Suleimani ameinua moja kwa ncha ya kijiti, hataki kuigusa. Bi Mwanakombo amesimama mbele yao, kichwa wazi, mtandio umemwanguka na hakuna aliyemwokotea.

"Shangazi, hizi ni nini?" Suleimani aliuliza kwa sauti ya kusikika na wote.

"Mbolea," alijibu.

"Mbolea hufukiwa ndani ya pembe? Chini ya mti? Tangu lini?"

Unajua pembe iliyofukiwa ni nini kwa watu wetu: ni uchawi wa kumdhuru mtu. Hakuna mtoto wa Kinondo asiyejua. Hata mimi, pamoja na kelele zangu zote, nilipoziona zimepangwa pale nilisita kusogea. Kijana mmoja, simtaji, alikuwa na kiberiti, anakifungua na kukifunga, anakifungua na kukifunga. Nikaitazama nyumba ya makuti ya Bi Mwanakombo nyuma yake.

Hapo ndipo uliposogea mbele. Ulikuwa jasiri, hilo silikatai. Ulisema, "Kaka Suleimani, shikamoo. Hamjaelewa. Pembe hizi zinavuta nguvu za mwezi na nyota, halafu zile nguvu zinaingia ardhini, na ardhi..."

Hukumaliza. Kisha mtu mmoja nyuma akasema taratibu, "Mmesikia? Nguvu za nyota. Mtoto mwenyewe ametoboa siri."

Na kile kiberiti kikaacha kuchezewa.

Ninajua ulichokuwa ukifanya. Ulikuwa ukisema kile ulichokiamini, kwa maneno uliyofundishwa, kwa nia safi. Maneno hayohayo yakisemwa Galu, nyuma ya ukuta, kwa watu wenye vikombe vya chai mkononi, ni elimu. Ulipoyasema pale, yalikuwa ushahidi.

Nilikuvuta nyuma kwa mkono, nikakwambia unyamaze. Nafikiri nilikuumiza. Nikamwendea Suleimani, nikaichukua ile pembe kutoka kwenye kijiti chake kwa mkono wangu mtupu. Watu walirudi nyuma hatua moja. Nikatia kidole ndani, nikatoa kilichomo, nikampelekea puani.

"Nusa."

"Mama Mejumaa, usicheze na..."

"Nusa, mwanamume wewe! Ni mavi. Mavi ya ng'ombe wa maalim wa madrasa, na nyote hapa mmekunywa maziwa yake. Nani anataka kunusa mwingine? Mimi nimeyatia shambani kwangu, hayakufanya kitu. Hayakuotesha hata jani moja zaidi. Kitu kilichoshindwa kukuza muhogo kitawezaje kumwangusha mtoto? Huu ni ujinga wa Kizungu, uliletwa hapa kwa ndege, tena hauna nguvu hata ya kufukuza nzi. Mtazameni!"

Nzi alikuwa ametua kwenye kidole changu. Wallahi sikumpanga. Kijana mmoja akacheka kwa pua.

Nikaendelea, maana kicheko kile nilikihitaji zaidi ya maji. "Yule mama wa Galu amefukia pembe nyingi kuliko hizi. Mnamjua, mnaijua bustani yake. Mbona hamjaenda kumfukulia? Au kwa sababu ana ukuta? Ana askari na mbwa? Basi semeni wazi kwamba mnamtafuta mchawi asiye na mbwa."

Wakatazamana. Nikamtafuta mke wa Suleimani kwa macho, nikamwona nyuma, amembeba yule mtoto mgongoni, mtoto anatafuna kipande cha muwa. Nikamwuliza, "Msambweni walikwambia mwanao ana nini?"

Alimtazama mumewe kwanza. Halafu akasema, "Malaria."

"Amepona?"

"Amepona. Anacheza tu."

Basi. Watu wakaanza kukumbuka kazi zao. Mzee mmoja akasema, "Haya twendeni, jua linapanda." Kiberiti kikaingia mfukoni. Nikainama, nikauokota mtandio wa Bi Mwanakombo, nikamfunika. Tukamkalisha kwenye jiwe. Wewe ulikuwa ukilia, na mimi, nikwambie kweli, nilikuwa nimejaa fahari. Nilidhani nimeshinda.

Wewe uliondoka mbio kwenda Galu kumwita Mama Pembe. Ulirudi umekunja uso. Askari alikuambia getini kwamba mama amesema hayo ni mambo ya mila zenu, na yeye kama mgeni hawezi kuyaingilia. Mgeni! Aliweza kuingilia udongo wetu, kinyesi chetu na mwezi wetu, lakini kwenye shingo ya Bi Mwanakombo ndipo adabu ya ugeni ilipomshika. Miezi mingi baadaye akakuandikia barua ya kukupendekeza huko unakokwenda. Nimeishukuru barua hiyo kwa sababu yako. Yeye mwenyewe nikikutana naye barabarani tunasalimiana, na salamu yangu unaijua ilivyo fupi.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo nilipokosea, na si kosa la maneno.

Mimi ndiye niliyemshauri Bi Mwanakombo aende Majoreni kwa Zainabu, akae kidogo mpaka ndimi zipoe. Hakutaka. Aliniambia, "Nikiondoka, shamba litaangaliwa na nani?" Nikamjibu kwamba Mejumaa ataliangalia. Na uliliangalia, uligeuza rundo lake, ulimwagilia mchicha wake. Mimi nilimwona Suleimani kama mjinga aliyeaibishwa, nikamwacha hapohapo kichwani mwangu, kwa sababu nikishamdharau mtu huacha kumtazama. Sikujiuliza alichokuwa akikitaka. Wale marafiki zake wa viatu vya kamba nilikuwa nimewaona kwa macho yangu. Niliona kila kitu, nikajishughulisha na kucheka.

Suleimani aliitaka ardhi yenyewe, siku zote. Pembe zilimfaa tu, angeweza kutumia bundi au paka mweusi. Bi Mwanakombo alipotoka nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, kwa ushauri wangu, alimrahisishia. Shamba lilikuwa bado kwa jina la marehemu babake Bi Mwanakombo. Suleimani na ami zake wakakaa kikao, wakasema shangazi amehama, tena kila mtu anajua sababu, nani atamwuliza? Wakauza kwa mtu wa kujenga nyumba za wageni.

Nilikwambia shamba limeuzwa. Lililobaki sikukwambia, kwa sababu ulikuwa Mombasa ukihangaikia viza na sikutaka uje ukae mbele ya trekta.

Lilikuja trekta la kukwangua. Lilikwangua ule udongo mweusi wote, kuanzia mpakani mwetu mpaka njiani, likaurundika, na malori yakaja kuubeba. Nilisimama pale tangu lori la kwanza. Mkorosho walikuwa wameung'oa. Minyoo ilikuwa ikining'inia kwenye meno ya lile trekta, na kunguru wamejaa. Nilimwendea dereva mmoja, kijana wa bara, mpole, nikamwuliza anaupeleka wapi.

"Hoteli, mathe. Diani. Wanataka ya kupanda maua," alisema. Halafu akateka udongo kidogo kwa mkono, akausugua baina ya vidole. "Na hii ni poa sana. Huku kwenu si ni mchanga tu? Sijui hii ilitoka wapi."

Nikarudi mpakani mwetu kuhesabu malori.

Mama Pembe alikuwa akituambia kwamba shamba ni kiumbe kimoja kizima, kina pumzi, kina tumbo. Nilimcheka. Siku ile sikucheka. Sijaanza kuamini nyota, usifurahi. Lakini nilichokiona kikipakiwa kwenye lori kilikuwa kitu kilicho hai, kilichotengenezwa na mtu mmoja kwa majani na samadi na subira, na sasa kilikuwa kinakwenda kufa chini ya maua ya kupigia picha. Watatia dawa siku ya kwanza wakiona mnyoo. Wageni wa hoteli hawapendi minyoo.

Nikaenda Majoreni kumwambia Bi Mwanakombo mwenyewe, nisimwachie mtu mwingine. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya Zainabu, amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Nikamwamkia, akaitikia, akaniwekea maji ya kunywa. Nikamweleza yote. Alinisikiliza bila ya kuacha mchele.

"Waliukwangua mpaka wapi?" aliuliza.

"Mpaka kwenye mawe."

Akatikisa kichwa taratibu. "Babangu aliponipa lilikuwa hivyohivyo. Mawe na mchanga. Nilikuwa na mimba ya Zainabu, nikalia siku nzima."

Nilitaka kumwomba radhi, na unajua jinsi mdomo wangu usivyoyazoea maneno hayo. Yakatoka yamepinda, yakatoka kama ugomvi. Nikamwambia, "Na wewe nawe, Bi Mwanakombo! Mtu mzima, umezikwa nusu na miaka, unakwenda kufukia mapembe kwa sababu mzungu amekwambia. Ulikuwa ukiyaamini kweli mambo yale?"

Aliusukuma mchele kando.

"Nyota sizijui mimi," alisema. "Lakini ile ndoo inataka ikorogwe saa nzima, na Mejumaa alikuwa akija kukoroga na mimi. Tunapokezana. Ananiambia habari za shule, ananiimbia nyimbo za simu yake. Tangu mume wangu afariki hakuna mtu aliyewahi kukaa na mimi saa nzima bila ya kutazama mlango. Kama angeniambia nikoroge mchanga ningekoroga."

Mwanangu, mimi nilikuwa jirani yake miaka yote hiyo. Ukuta kwa ukuta. Nilikuwa nikimpelekea futari, nikimsalimia asubuhi, nikimcheka na ndoo yake. Sijui kama niliwahi kukaa.

Kwa hiyo nenda. Ninakidharau bado kile kitu, na nitakidharau ukirudi na cheti chake. Huko utakuta watu wenye mashamba mazuri, ng'ombe walionenepa, udongo unaonukia, na watakwambia ni kwa sababu ya pembe na mwezi na maua yaliyoshonwa ndani ya kibofu cha mnyama. Tazama mikono yao, usitazame midomo. Tazama wanarundika nini, wanaacha nini kioze, wanakataa kumwaga nini ardhini, ng'ombe wao wanalala wapi. Waulize kwa adabu kama wamewahi kuacha nusu ya shamba bila ya pembe. Wakikasirika, umepata jibu. Wasipokasirika, kaa nao, huenda ni watu wa maana.

Tena kila watakachokufundisha, kabla hujakileta hapa, jiulize kitaonekanaje mkononi mwa mwanamke asiye na ukuta. Mama Pembe hakuwahi kujiuliza. Mimi nilijua jibu, nikadhani kulijua kunatosha.

Nikumalizie habari za Majoreni, maana mara zote umekuwa ukiuliza nakwenda kufanya nini huko kila wiki na kurudi na nguo chafu.

Bi Mwanakombo ameanza tena. Zainabu amempa ukanda mdogo nyuma ya nyumba, mchanga mweupe wenye chumvi, hata magugu yanaona taabu. Mimi humpelekea magunia ya samadi. Safari hii hakukubali tufanye nyuma, pembeni, chini ya mti. Aliniambia rundo liwe mbele, kando ya njia inayokwenda kisimani, ambapo kila mtu lazima apite. Siku ya kwanza aliwaita majirani wote wa kike kabla hatujaweka hata jani. Akawaambia, "Hiki ni kinyesi cha ng'ombe, haya ni majani ya mwarobaini, haya ni majivu ya jiko la Zainabu, huu ni mwani umeokotwa ufuoni na umeoshwa mpaka chumvi ikatoka. Tieni mikono. Mwenye swali aulize leo." Wakatia mikono. Waliuliza maswali mengi, mengine ya kipumbavu mno, na mimi nilikaa pale kwenye kiti cha miti nikaung'ata ulimi wangu mpaka mwisho, jambo ambalo ningependa ulikumbuke na kulihesabu kama ibada.

Sasa watoto wakipita kwenda kisimani hutupa maganda ya ndizi juu yake bila ya kuambiwa. Wiki iliyopita alikuja mwanamke mmoja wa nyumba ya tatu, ambaye mwanzoni alikuwa akivuka njia ili asipite karibu. Alisimama, akalisifu rundo kwa mbali, akauliza kama anaweza kupata kidogo cha kutia kwenye bamia zake.

Bi Mwanakombo akamwambia alete ndoo yake.

Mama yako,
Kinondo